Uzito wa Majeraha na Kasoro za Kuganda kwa Damu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wauguzi, matabibu na wanafunzi wa fani za afya, ingawa ndugu wa mgonjwa aliyesikia namba zikitajwa wodini naye anaweza kuyafuata. Hoja inayoyaunganisha ni hii: alama ya uzito wa majeraha hueleza kilichoharibika mwilini, lakini kuganda kwa damu hutegemea pia jinsi viungo vilivyokosa damu na oksijeni baada ya uharibifu huo, na alama haipimi jambo hilo la pili.

Alama ya uzito wa majeraha hukokotolewa vipi?

Alama inayotumika zaidi hujulikana kwa kifupi kama ISS. Ilichapishwa mwaka 1974 na Susan Baker na wenzake nchini Marekani, nayo imejengwa juu ya mizani iliyoitangulia, AIS, ambayo ilitungwa ili majeraha ya ajali za magari yaelezwe kwa utaratibu mmoja. Katika AIS kila jeraha hupewa namba kuanzia 1, yaani jeraha dogo, hadi 6, yaani jeraha ambalo tiba iliyopo haiwezi kuliokoa.

Ili kupata ISS, mwili hugawanywa katika maeneo sita: kichwa na shingo; uso; kifua; tumbo pamoja na viungo vilivyomo kwenye nyonga; mikono, miguu na mifupa ya nyonga; na ngozi kwa ujumla. Katika kila eneo huchukuliwa jeraha zito kuliko yote, kisha namba za maeneo matatu yaliyoumia zaidi huzidishwa kila moja kwa yenyewe na majibu kujumlishwa. Mgonjwa mwenye jeraha la kifua la uzito wa 4, jeraha la wengu la uzito wa 3 na mfupa wa paja uliovunjika, ambao nao ni 3, atapata 16 na 9 na 9, jumla 34. Upeo wa alama ni 75, na mgonjwa mwenye jeraha lolote la 6 hupewa 75 moja kwa moja bila hesabu nyingine.

Kwa desturi, alama inayozidi 15 ndiyo huhesabiwa kuwa jeraha kubwa. Kwa kuwa hesabu hii hujumlisha namba zilizozidishwa kwa zenyewe, baadhi ya alama haziwezi kutokea kamwe, na 15 ni mojawapo, sawa na 7. Kwa hiyo anayekuta alama ya 15 kwenye jalada ajue kuwa mtu alikosea kuhesabu au kuandika.

Je, wagonjwa wawili wenye alama sawa wana hali sawa?

Hapana, na hapa ndipo wengi hupotoka. Alama ya 25 inaweza kutokana na jeraha moja tu la kichwa lenye uzito wa 5, kama vile damu nyingi iliyovujia ndani ya fuvu. Inaweza pia kutokana na jeraha la ini la uzito wa 4 pamoja na paja lililovunjika la uzito wa 3, maana 16 na 9 ni 25. Wa kwanza yumo hatarini kwa sababu ya ubongo kubanwa, na huenda shinikizo lake la damu likawa la kawaida kabisa au hata juu. Wa pili yumo hatarini kwa sababu damu inamwishia. Ukiwaweka kwenye orodha moja kwa kutazama alama pekee, utakuwa umewaita kwa jina moja watu wenye maradhi mawili tofauti.

NISS ni nini, na kwa nini ilitungwa?

Ni marekebisho ya ISS yaliyopendekezwa mwaka 1997, ambayo huchukua majeraha matatu mazito zaidi popote yalipo mwilini, hata kama yote yamo katika eneo moja. Kasoro inayorekebishwa huonekana wazi kwa mgonjwa aliyevunjika mapaja yote mawili na kupata jeraha la tumbo la uzito wa 2. Kwa ISS, paja la pili halihesabiwi kwa kuwa liko katika eneo moja na la kwanza, hivyo mgonjwa anapata 13 na hafikii hata kiwango cha jeraha kubwa. Kwa NISS anapata 22. Paja moja lililovunjika linaweza kuficha lita moja ya damu au zaidi ndani ya misuli, na kwa mtu mzima wa kilo 70, ambaye ana takriban lita tano za damu mwilini, mapaja mawili si jambo la kuachwa nje ya hesabu. Kwa mtu anayejali kutokwa na damu, NISS ni mwaminifu zaidi.

Naweza kutumia ISS mgonjwa anapofikishwa mapokezi?

Kwa kweli, hapana. Ili kukokotoa ISS ni lazima kila jeraha liwe limeshajulikana, na hilo hukamilika baada ya CT skani, baada ya upasuaji, na wakati mwingine baada ya uchunguzi wa maiti. ISS ni chombo cha utafiti, cha kulinganisha hospitali na cha kupitia upya huduma iliyotolewa.

Mapokezi hutumia alama zinazopima jinsi mwili unavyofanya kazi. Mizani ya Glasgow ya mwaka 1974 hupima fahamu kwa kutazama macho, usemi na mwitikio wa viungo, kuanzia 3 hadi 15. Alama ya RTS ya mwaka 1989 huiunganisha mizani hiyo na shinikizo la juu la damu na idadi ya pumzi kwa dakika. Mfumo wa TRISS wa mwaka 1987 huchanganya pande zote mbili, maumbile na utendaji, pamoja na umri na aina ya jeraha, ili kukadiria uwezekano wa kuishi. Alama ya Kampala, iliyotungwa nchini Uganda kwa mazingira yenye vifaa vichache, huhitaji umri, idadi ya majeraha makubwa, shinikizo la damu, upumuaji na hali ya fahamu tu. Katika hospitali isiyo na CT skani, naona alama hii ina manufaa kuliko ISS iliyojazwa kwa kubahatisha.

Kwa nini damu hushindwa kuganda wakati mwili unapouhitaji mgando kuliko wakati wowote?

Kwa miaka mingi jibu lililofundishwa lilikuwa kwamba wahudumu wenyewe ndio husababisha: maji ya mishipa huizimua damu, mgonjwa hupoa, na viini vya kugandisha hutumika vikaisha. Yote hayo hutokea kweli. Lakini mwaka 2003 Karim Brohi na wenzake wa London walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 1,088 walioletwa kwa helikopta, wakaonyesha kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne alifika hospitali damu yake ikiwa tayari ina kasoro ya kuganda, na kwamba kasoro hiyo haikuelezeka kwa kiasi cha maji aliyopewa njiani. Miongoni mwa waliokuwa na kasoro hiyo walifariki asilimia 46, ilhali miongoni mwa waliokuwa hawana walifariki asilimia 11 hivi. Tangu hapo kasoro hii imechukuliwa kuwa ugonjwa unaoanza papo hapo na jeraha lenyewe.

Maelezo yanayokubalika zaidi yanahusu mambo mawili yanayokutana. La kwanza ni tishu zilizopondeka, ambazo huamsha mgando na kuzalisha trombini, yaani kimeng'enya kikuu cha kugandisha damu, kwa wingi. La pili ni mshtuko, yaani damu isiyotosha kufika kwenye viungo. Mshtuko unapodumu, utando wa ndani wa mishipa huongeza kipokezi kiitwacho trombomodulini, ambacho huikamata trombini na kuigeuza kazi: badala ya kutengeneza nyuzi za fibrini, trombini sasa huamsha protini C. Protini C iliyoamshwa huzima kigandishi cha tano na cha nane, na papo hapo hupunguza kizuizi cha uyeyushaji wa mabonge. Matokeo yake ni kwamba mgando mpya hutengenezwa kwa shida na ule uliokwisha kutengenezwa huyeyushwa mapema na plasmini, kimeng'enya kinachovunja mabonge.

Zaidi ya hapo, tabaka laini la sukari na protini linalofunika utando huo hubanduka na kuachia ndani ya damu chembechembe zenye tabia ya heparini, dawa inayozuia damu isigande. Chembe sahani nazo, hata zikihesabiwa zikaonekana za kutosha, huwa hazijibu vizuri zinapoamshwa. Fibrinojeni, yaani protini inayogeuzwa kuwa nyuzi za fibrini, ndiyo huwa ya kwanza kushuka hadi kiwango cha hatari, mapema kuliko vigandishi vingine, na anayesubiri chembe sahani zipungue ndipo ashtuke amechelewa.

Basi alama ya ISS inaweza kutabiri kasoro hii?

Kwa kiasi fulani. Kadiri alama inavyopanda ndivyo wagonjwa wenye kasoro wanavyoongezeka, na uchambuzi wa 2003 ulionyesha hivyo. Hata hivyo, tafiti zilizofuata za kundi hilohilo zilibainisha kwamba mgonjwa mwenye majeraha mengi lakini asiye na dalili za mshtuko kwenye vipimo vya damu, yaani upungufu wa besi (kipimo cha asidi inayojikusanya kwenye damu viungo vinapokosa oksijeni) usiozidi 6, mara chache huwa na kasoro yenye uzito. Uharibifu wa tishu na mshtuko vinapokutana ndipo mgando huvurugika. Hii ndiyo sababu laktati, ambayo nayo hupanda viungo vinapokosa oksijeni, na upungufu wa besi, vipimo vinavyotoka kwa dakika chache tu, humwambia daktari kuhusu mgando wa mgonjwa wake mambo ambayo ISS haiwezi kumwambia hata ikikokotolewa bila kosa.

Utatu wa mauti una maana gani?

Ni jina la kitabibu la mambo matatu yanayolishana: joto la mwili kushuka chini ya nyuzi 35, damu kuwa na asidi nyingi, na damu kushindwa kuganda. Vimeng'enya vya mgando hufanya kazi kwa kasi ya kawaida katika joto la kawaida la mwili. Vikipoa hulegea, na chembe sahani hushindwa kushikamana. Asidi nayo huvuruga vimeng'enya hivyohivyo, hasa pH inaposhuka chini ya 7.2, ilhali ya kawaida ni 7.35 hadi 7.45. Damu isiyoganda huendelea kumwagika, mshtuko huzidi, asidi huongezeka na mwili hupoa zaidi.

Siku hizi wengi huongeza jambo la nne, yaani kushuka kwa kalisi. Mgando hauwezi kuendelea bila kalisi, na sitrati inayowekwa kwenye mifuko ya damu ili isigande huishika kalisi ya mgonjwa mara inapoingia mwilini. Anayeongezewa damu nyingi bila kupimwa kalisi anaweza kuvuja damu kwa sababu ya damu ileile aliyopewa.

Ni vipimo gani vinaonyesha kasoro hii?

Kipimo cha INR, kinachoonyesha jinsi plazima inavyochelewa kuganda, ndicho kinachopatikana mahali pengi, na thamani inayozidi 1.2 kwa mgonjwa wa jeraha asiyetumia dawa za kuzuia mgando ni ishara ya kutosha ya kumfanya daktari asitulie. Lakini kina mipaka ambayo haina budi kujulikana. Hufanywa kwenye plazima peke yake, baada ya chembe nyekundu na chembe sahani kuondolewa, hivyo hakisemi lolote kuhusu nguvu ya bonge wala kasi ya kuyeyuka kwake. Sampuli hupashwa hadi nyuzi 37 kabla ya kupimwa. Kwa hiyo mgonjwa aliyepoa hadi nyuzi 33 anaweza kuletewa jibu zuri ambalo damu iliyomo mwilini mwake hailifuati. Tena jibu linaweza kuchukua karibu saa nzima, na saa moja ni muda mrefu mno kwa mtu anayemwaga damu.

Mashine za TEG na ROTEM hupima damu nzima inavyoganda, inavyokaza na inavyoyeyuka, na huanza kutoa majibu ndani ya dakika chache. Zinapendeza, na hospitali nyingi kubwa huzitegemea. Hata hivyo utafiti wa Ulaya uitwao iTACTIC, uliolinganisha tiba iliyoongozwa na mashine hizo na tiba iliyoongozwa na vipimo vya kawaida, haukupata tofauti ya maana kwa wagonjwa wote waliochunguzwa. Hospitali isiyokuwa nazo isijione haina la kufanya.

Himoglobini ya mwanzo isimpumbaze mtu. Anayepoteza damu hupoteza chembe na plazima kwa pamoja, hivyo kiwango hubaki kilekile hadi maji yaingie kwenye mishipa, yawe ya mwili wenyewe au ya chupa.

Je, ipo njia ya haraka ya kujua nani atahitaji damu nyingi?

Ipo zaidi ya moja. Alama ya ABC huuliza mambo manne tu: je, jeraha ni la kuchomwa kisu au la risasi, je, shinikizo la juu la damu ni 90 au chini yake, je, moyo unapiga mara 120 au zaidi kwa dakika, na je, ultrasaundi imeonyesha damu tumboni au kuzunguka moyo. Majibu mawili ya ndiyo yanatosha kuitayarisha benki ya damu. Njia rahisi zaidi ni kugawanya mapigo ya moyo kwa shinikizo la juu la damu: jibu likifika 1, yaani mapigo yamelingana na shinikizo, mgonjwa huyo yumo hatarini hata kama bado anazungumza. Hapo hakuna kifaa kinachohitajika zaidi ya kile cha kupimia shinikizo.

Mgonjwa wa namna hii hutibiwaje?

Kwanza kabisa ni kuuziba mlango wa damu. Jeraha linaloonekana hugandamizwa, mkono au mguu unaomwaga damu hufungwa mkanda wa kubana na saa ya kuufunga kuandikwa, nyonga iliyovunjika hukazwa kwa mshipi wake, na damu iliyomo tumboni au kifuani hufuatwa chumba cha upasuaji. Katika hali mbaya daktari wa upasuaji hufanya yale tu yanayookoa uhai, hufunika tumbo, humpeleka mgonjwa chumba cha wagonjwa mahututi apashwe joto na kurekebishwa damu, kisha humrudisha kukamilisha kazi siku moja au mbili baadaye. Wakati damu bado inavuja, na ikiwa ubongo haukuumia, shinikizo la juu la 80 hadi 90 linatosha. Kulisukuma lipande kwa chupa za maji huyabandua mabonge yaliyokwisha kuziba na kuizimua damu iliyobaki.

Asidi ya traneksamiki huzuia mabonge yasiyeyushwe. Utafiti wa CRASH-2, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha wagonjwa 20,211 katika nchi 40, ulionyesha kwamba dawa hii ilipunguza vifo vyote kutoka asilimia 16.0 hadi 14.5. Kipimo kilikuwa gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 nyingine kwa saa 8. Muda ni sehemu ya dawa yenyewe: faida hupungua kwa takriban asilimia 10 kwa kila dakika 15 za kuchelewa, na ikianzishwa baada ya saa tatu tangu kuumia inaweza kuongeza vifo vinavyotokana na kuvuja damu. Dawa hii ni rahisi kulinganisha na nyingine nyingi, na haihitaji maabara ili ianzishwe.

Kuhusu damu, mwelekeo ni kumrudishia mgonjwa kile anachopoteza. Utafiti wa PROPPR wa mwaka 2015, uliohusisha wagonjwa 680, ulilinganisha uwiano sawa wa plazima, chembe sahani na chembe nyekundu dhidi ya uwiano wenye chembe nyekundu mara mbili. Vifo kwa jumla havikutofautiana kwa kiwango cha kuaminika kitakwimu, lakini waliokufa kwa kuishiwa damu katika saa 24 za mwanzo walikuwa asilimia 9.2 kwa uwiano sawa na 14.6 kwa uwiano mwingine. Fibrinojeni iliyoshuka chini ya gramu 1.5 kwa lita hurudishwa kwa krayo, yaani sehemu ya plazima yenye fibrinojeni nyingi, au kwa fibrinojeni yenyewe. Chembe sahani hutakiwa zizidi 50,000 kwa mikrolita, na mgonjwa aliyeumia ubongo hulengwa 100,000. Mahali penye damu nzima peke yake, damu hiyo si tiba duni. Ina vyote hivyo ndani yake, ingawa kadiri inavyokaa kwenye friji chembe sahani zake hupungua nguvu.

Vipi kuhusu mgonjwa aliyekuwa akitumia dawa za kuzuia damu isigande?

Kwake ISS ndogo haitulizi moyo. Mzee anayetumia warfarini akianguka na kujigonga kichwa anaweza kuanza na jeraha dogo kabisa, kisha damu ikaongezeka ndani ya fuvu kwa saa kadhaa. Ulizeni dawa anazotumia mapema, na ndugu waombwe waje na vidonge vyenyewe. Warfarini hubatilishwa kwa vitamini K ya mshipani pamoja na viini vya kugandisha vilivyokolezwa, au plazima kama viini hivyo havipo. Dabigatrani, mojawapo ya dawa mpya za kuzuia mgando, ina dawa yake mahususi ya kuibatilisha. INR haiaminiki kupima dawa hizi mpya, kwa hiyo jibu zuri halimaanishi kuwa dawa imekwisha mwilini.

Alama ikiwa kubwa sana, je, ndugu waambiwe kwamba mgonjwa hataishi?

Hapana. Alama zilitungwa kwa ajili ya makundi ya wagonjwa, wala hakuna inayoweza kusema mtu fulani atapona au hatapona. Kinachofaa kuelezwa ni kile kinachoonekana: kama damu imesimama, kama joto na asidi vinarekebishika, na kama fahamu inarudi.

Damu ikishaanza kuganda vizuri, hatari imekwisha?

Hatari hubadilika sura. Ndani ya siku moja au mbili mwili huanza kuganda kupita kiasi, na mgonjwa aliyekuwa akivuja damu sasa anaweza kupata bonge kwenye mishipa ya ndani ya mguu, ambalo likichomoka huziba mshipa wa pafu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994, ambapo wagonjwa 349 wenye majeraha makubwa walipigwa picha za mishipa ya miguu bila kupewa kinga, ulikuta mabonge kwa asilimia 58 kati yao, wengi wakiwa hawana dalili yoyote. Mifupa ya nyonga na ya miguu iliyovunjika, uti wa mgongo ulioumia, kulala muda mrefu na kuongezewa damu nyingi huizidisha hatari hiyo.

Kwa sababu hiyo, mara damu inaposimama, miguu huwekewa mashine ya kuibana na kuiachia kwa zamu, na heparini nyepesi huanzishwa, mara nyingi ndani ya saa 24 hadi 72, kutegemea majeraha. Ubongo ulioumia ndio huleta mjadala mkali zaidi, na kwa kawaida husubiriwa CT skani ya pili ionyeshe kwamba damu haikuongezeka. Kosa la kawaida wodini ni dozi kuahirishwa kwa ajili ya upasuaji mdogo kisha kusahauliwa. Muuguzi wa zamu aangalie kila asubuhi kama imetolewa, na kama haikutolewa, amuulize daktari sababu na aiandike kwenye jalada.